Maswali ya Subaru WRX STI: inasumbua kweli, na kuitunza ni pesa ngapi?

Wanaoniuliza kuhusu STI ni aina mbili, kuna wale washatuma pesa Japan na sasa wanatafuta mtu wa kuwatuliza roho, na kuna wale mke amekataa na wanatafuta ushahidi wa kumpelekea. Majibu ni yaleyale tu. Naongelea STI za Japan zenye injini ya EJ207, lita 2 na tabo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini). Matoleo yake huitwa kwa herufi: GDB (2000 mpaka 2007), GRB ya hachibaki iliyoanza 2007 na GVB ya buti iliyoanza 2010, halafu VAB (2014 mpaka 2019). Bei ni za Kenya, na kwa vile bei za spea hazikai mahali pamoja, hesabu zangu nazifanya kwa tanki. Tanki ni lita 60, tukichukua lita moja kwa shilingi 180 basi tanki moja ni kama 10,800.

Ati STI inasumbua, ni kweli ama ni chuki tu?

Inasumbua ikinunuliwa vibaya. Injini yenyewe si mbovu, Subaru waliitengeneza hii familia ya EJ20 miaka thelathini hivi kabla ya kuifunga, wakaiaga na toleo la mwisho la magari 555 tu. Shida ni kwamba hii gari hapa kwetu ikishaingia haitulii mkononi mwa mtu mmoja. Wa kwanza anaiweka ekzosti, wa pili anaongeza presha ya tabo, wa tatu anakosa pesa ya sevisi, wa nne ni wewe. Ukiona mtu analia STI imemmaliza, muulize kwanza alikuwa mwenyewe wa ngapi.

Halafu kuna ile imani ya Safari Rally. Colin McRae alishinda Safari 1997 na Impreza, gari ambalo STI ilizaliwa kwake, Richard Burns akashinda na Impreza 2000, na hapo ndipo ugonjwa ulituingia wote. Sawa, lakini zile zilikuwa na timu nzima ya mafundi zikingojwa kila kituo na helikopta juu. Yako ina wewe na fundi asiyeshika simu Jumapili.

Kwa mwezi niweke kando pesa ngapi?

Tuchukue mtu anaendesha kilomita 12,000 kwa mwaka. Petroli pekee, kwa kilomita 7 kwa lita, ni lita 1,714, yaani karibu tanki 29, kitu kama laki 3 na elfu nane. Hiyo utailipa bila kusikia uchungu kwa sababu unailipa kidogo kidogo.

Kinachouma ni kile kingine. Mimi nakadiria hivi kwa mwaka: oili na filta tanki 3, tairi tanki 6 (seti moja nzuri ni kama tanki 12 na inakaa miaka miwili ukiwa na adabu), brekpadi tanki 2, bushi na vidude vya chini tanki 2, belti na plagi zikigawanywa kwa miaka yake tanki 1, na tanki 4 za dharura ambayo huijui bado lakini inakuja. Jumla tanki 18, elfu 194 na kitu, ukigawa kwa 12 ni elfu 16 kila mwezi. Nasema weka elfu 20. Na isikae M-Pesa, ikikaa M-Pesa itaenda nyama choma.

Kama hiyo elfu 20 juu ya petroli inakubana, si lazima uache ndoto, lakini usinunue sasa. STI haingoji mwisho wa mwezi.

Petroli inakula aje? Lazima niweke V-Power, ile petroli ya Shell ya bei ya juu?

Mjini kwa foleni tegemea kilomita 6 au 7 kwa lita, barabara ndefu ukiwa mpole 9 au 10. Akikuambia mtu anapata 13, anaendesha kwa mteremko au anadanganya.

Kuhusu V-Power, hii injini ilipangwa kwa petroli ya Japan ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia bila kulipuka ovyo). Kompyuta ya injini ina sensa inayosikiliza kama mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, ikisikia inarudisha nyuma moto wa plagi ili kujilinda. Kwa hivo ukiweka super ya kawaida na gari iko standadi itakubali, nguvu itapungua kidogo tu. Lakini kama gari ishaguswa kompyuta na mtu aliyeitengeneza kwa mafuta mazuri, hapo super ya kawaida ni kucheza na pistoni. Mimi naweka nzuri kila wakati, na pesa ninayopoteza hapo naihesabu kama bima. Kitu kibaya zaidi ya oktani ndogo ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, hiyo hakuna sensa itakuokoa, jaza kituo kimoja unachokiamini na usiongozwe na taa ya mafuta ikishawaka Mtito Andei usiku.

Si Subaru zote zinakufa gasketi, ile ya kati ya bloku na kichwa cha injini?

Hapa watu wanachanganya magari. Stori ya gasketi inatoka kwa injini ya 2.5 isiyo na tabo, zile Legacy, Outback na Forester za zamani, zilikuwa zinavuja kweli. Injini za tabo zilikuja na gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa na hazina hiyo tabia. STI ikichoma gasketi mara nyingi ni kwa sababu ilichemka, au mtu aliipa presha kupita kiasi. Kwa hivo gasketi si sababu ya kuogopa hii gari, ziko sababu bora zaidi za kuiogopa, soma hapo chini.

Basi ni nini inaua EJ207?

Oili. Kama una dakika mbili tu za kusoma ukurasa huu, soma hapa.

Injini hii inakunywa oili, hata ikiwa nzima inaweza kunywa kiasi, hasa ukiipeleka kwa nguvu. Na haibebi nyingi, ni lita 4 na kidogo. Sasa dipstiki yake (kijiti cha kupimia oili) kati ya alama ya juu na ya chini ni kama lita 1, maana ikigusa alama ya chini ushapoteza karibu robo ya oili yote. Mtu anabadilisha oili, anafunga boneti, anarudi kuifungua baada ya kilomita 5,000. Katikati hapo oili imeshuka, anakata kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na bering za konrodi (vyuma laini vinavyoshika mikono ya pistoni) zinakaa kavu sekunde moja au mbili. Sekunde mbili zinatosha. Baada ya wiki unasikia ka-mlio ka "tok tok tok" ukikanyaga kidogo ikiwa na moto, na hiyo ndiyo kunoki, hakuna oili nzito wala dawa ya chupa inayotibu.

Kwa hivo pima oili kila ukijaza petroli. Si kila mwezi, kila ukijaza. Gari iwe imesimama sawa, subiri dakika chache ishuke, chomoa dipstiki, pangusa, rudisha, chomoa tena, na angalia pande ZOTE mbili za dipstiki kwa sababu upande mmoja huwa umepakwa oili ya ukutani na unadanganya. Amini ule wenye kiwango cha chini. Beba lita moja ya oili ileile kwenye buti siku zote.

Badilisha kila kilomita 5,000, sinthetiki kamili, na ununue mahali ambapo ukirudi utampata mwenye duka. Kirinyaga Road pale Nairobi utapata kila kitu, spea orijino na feki kwenye rafu moja, na kopo feki la oili saa hii linafanana na orijino mpaka stika. Bei ikiwa nusu ya wengine wote, we jiulize tu.

Mengine mawili yanayohusu oili ambayo fundi wengi hawayagusi. Moja, kwenye bolti ya bomba linalopeleka oili kwa tabo kuna kachujio kadogo sana ka waya, kakiziba tabo inakufa njaa na unabadilisha tabo bila kujua kilichoiua, halafu mpya nayo inakufa. Mbili, bomba la kunyonya oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) linajulikana kupasuka pale lilipounganishwa, likipasuka linavuta hewa. Siku sampu inafunguliwa kwa sababu yoyote, weka la nguvu, ni pesa ndogo.

Kinachofuata oili ni pistoni, zile kuta nyembamba zinazoshika ringi huvunjika mafuta yakilipuka ovyo. Waliozidi kulia na hili ni wenye injini ya 2.5 ya STI ya Marekani, EJ257, ya Japan ni ngumu zaidi. Lakini ngumu haimaanishi haivunjiki.

Belti ya taiming naweza kusukuma kidogo?

Hapana. Kilomita 100,000, na kama imetoka Japan bila rekodi, badilisha siku ikifika hata kama mita inasoma elfu 60. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni na hapo si belti tena unanunua. Na usibadilishe belti peke yake, badilisha na tenshona, puli zake zote na pampu ya maji, kwa sababu mara nyingi si belti inayokatika, ni puli inayokwama na kuikata. Kiti kamili na kazi ni kama tanki 4 au 5.

Tairi moja imepasuka, naweza nunua moja tu? Au mbili?

Swali hili linaumiza watu sana. Gari inavuta magurudumu yote 4 na katikati kuna difu inayogawa nguvu. Tairi mpya moja ikikaa na tatu zilizoisha, ile mpya ni kubwa kidogo, kwa hivo inazunguka pole kuliko wenzake na difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika kutoka Nairobi mpaka Mombasa. Subaru wenyewe wanasema mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya kama milimita 6. Kama zako bado ni mpya mpya nunua moja ya aina ileile. Kama zimefika nusu, ni zote 4, pole sana. GVB na VAB nyingi zinavaa 245/40 R18, na zile VAB za Type S za kuanzia 2017 zenye breki za Brembo za njano zinavaa 245/35 R19, hizo tairi ni nyembamba na shimo moja tu la Eastern Bypass usiku linakula tairi na rimu pamoja.

Nataka ile sauti ya "pssst" na ule mlio wa Subaru. Kuna ubaya?

Sauti ya "pssst" ni hewa ikitupwa nje wakati unabadilisha gia. Sasa, hii gari inapima hewa inapoingia, kabla ya tabo. Kompyuta ishaihesabu hiyo hewa na ishatoa petroli yake, wewe unaitupa nje. Kila ukibadilisha gia injini inapata petroli nyingi kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi, na unalipia sauti kwa petroli. Valvu ya orijino inarudisha hewa ndani na inafanya kazi vizuri kabisa, tatizo lake ni kwamba haisikiki kwa majirani.

Mlio nao una kichekesho chake. Ule mlio wa "gudugudu" unatokana na manifoldi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) yenye mabomba ya urefu tofauti. STI nyingi za Japan tangu GDB za katikati zina mabomba yanayolingana na tabo ya njia mbili, ndio maana zinaamka haraka, na ndio maana hazigurumi. Mtu ananunua STI, anashangaa Impreza ya jirani inanguruma kuliko yake, anaenda kutoa manifoldi nzuri ya kiwandani na kuweka ya mabomba tofauti. Amelipa pesa kupunguza nguvu. Gari ni yako lakini.

Na kuongeza presha ya tabo?

Ukifanya, fanya kwa kompyuta na mtu anayesoma namba, sio kale ka-valvu ka kuzungusha kwa mkono. Sababu ni jiografia. Nairobi iko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi. Ka-valvu ka mkono kanapima presha kwa kulinganisha na hewa ya nje, kwa hivo umekaset Nairobi kanaonekana salama, halafu Desemba unateremka Mombasa kwa harusi. Kule chini hewa ya nje ni nzito na joto ni kali, geji inasoma namba ileile lakini hewa inayoingia silinda ni nyingi zaidi na ina moto zaidi. Ukianza tu kupita malori baada ya Voi, pistoni zinaanza kuteseka bila wewe kusikia chochote. Kompyuta ya kiwandani inajua iko urefu gani na inajirekebisha.

Mimi maoni yangu ni uiache standadi. GVB na VAB zina farasi 308 kutoka kiwandani. Ni nani amezimaliza kwa hizi barabara?

Giaboksi na klachi?

Giaboksi ya gia 6 ya STI ni chuma kweli, kati ya vitu vyote kwenye hii gari ndiyo ninayoihofia kidogo kuliko vingine. Ile ya gia 5 ya WRX ya kawaida ndiyo yenye sifa ya kukatika meno, usichanganye. Badilisha oili yake, watu husahau kabisa kwamba inabadilishwa, na difu ya nyuma pia.

Klachi ni habari nyingine. Foleni ya Mombasa Road inaimaliza na kuibadilisha lazima giaboksi ishuke, kiti na kazi inaweza kufika tanki 8. Usiegemeze mguu juu yake.

Matuta na mashimo je?

Bushi za mikono ya mbele na linki ndogo za stabilaiza zitaisha, ni bei nafuu, badilisha zikianza kugonga. Shoki za mbele nyingi zimegeuzwa juu chini na zikikauka grisi zinagonga, fundi anakuambia zimekufa kumbe zinataka kufunguliwa na kupakwa. Muulize kabla ya kutoa pesa. Bampa ya mbele itaguswa na matuta ya mtaani, hiyo kubali tu.

STI au WRX S4?

S4 ya kwanza, ya 2014 mpaka 2021, ni injini nyingine, FA20, ina cheni badala ya belti, farasi 300, na giaboksi ni ya CVT peke yake, yaani otomatiki isiyo na gia za kawaida. Kwa foleni na familia S4 ni raha. Lakini hiyo CVT oili yake ibadilishwe, usiamini anayesema ni ya maisha, na injini inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa hivo valvu za kuingiza hewa hujaa masizi baada ya muda na zinataka kusafishwa. Ikifa CVT utatamani klachi ya STI.

Ninunue ya hapa au niagize?

Kenya gari ikipita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza haiingii, kwa hivo GDB, GRB na GVB utazipata hapa hapa tu, na VAB mlango unafungwa kwa sababu zilikoma 2019. Jamaa zetu wa Tanzania wanaweza kuleta kuukuu lakini ushuru wa uchakavu utawasalimia.

Ukiagiza, omba karatasi ya mnada (ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japan) na uitafutie mtu wa kuisoma, usitosheke na picha. Gredi 4 au 4.5 ni sawa, ikiandikwa R ilishagongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali pamenyooshwa na kupakwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za dashibodi ikifika bandarini, usishangae zimepungua baharini.

Ukinunua ya hapa, lipia kipimo cha kompresheni (presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda) cha silinda zote 4 kabla ya kutoa hata deposit. Namba za Nairobi zitakuwa chini ya zile za kitabu kwa karibu moja ya tano kwa sababu ya hewa nyepesi, hilo lisikutishe, unachotafuta ni silinda 4 zinazokaribiana. Moja ikiwa chini ya wenzake, shika njia. Fika injini ikiwa baridi kabisa, ukikuta muuzaji "ameipasha kidogo" rudi kesho. Na ukiona gari ina geji tatu juu ya dashibodi lakini hakuna risiti hata moja ya oili, basi ushajua historia yake.

Injini ikifa, nijenge au ninunue ya ex-Japan, yaani iliyotumika kule?

Ya ex-Japan ni haraka na ni kamari, hujui ilitolewa kwa gari gani na kwa nini. Kujenga ni polepole, inataka mashine shop inayopima kwa maikromita sio kwa kidole, na vifaa vya ndani vipya. Njia zote ni laki kadhaa, tanki 40 na kuendelea. Ukiamua ex-Japan, kabla haijaingia kwenye gari fungua sampu uangalie kama kuna vumbi la chuma, na weka belti mpya ikiwa bado iko chini, kazi ni rahisi hapo.

Bima?

Baadhi ya kampuni hazitaki kusikia jina STI, zingine zinakubali kwa bei. Mfano wakikuhesabia asilimia 4 kwa gari ya milioni 3, ni laki 1 na elfu 20 kwa mwaka, hiyo haikuwa kwenye tanki zangu 18. Kila kitu ulichobadilisha kiandikwe kwenye fomu, vinginevyo siku ya kulipwa ndiyo siku utajua walikuwa wanasoma.

Fundi mzuri nitamjuaje?

Usimuulize kama anajua Subaru, kila mtu atasema anajua. Fungua boneti umwambie anaongeza maji wapi. STI ina vifuniko viwili, kimoja cha rejeta mbele na kimoja cha katangi kadogo kalichoko karibu na tabo. Anayejua ataongeza kwenye katangi, atakuambia vile vifuniko havina presha moja na visibadilishane, na ataongea kuhusu kutoa hewa kwenye mfumo kwa sababu hii injini imelala na hewa inajificha. Anayekimbilia kufungua cha rejeta na kumimina maji ya bomba, mshukuru, funga boneti, ondoka.